Siku Tatu katika Jiko la Gesima

Tunaanza kwa kukiri kosa, kwani lau si kosa hilo tusingalifika Gesima, wala tusingalikuwa na hili la kuwahadithia juma hili.

Mwanetu wa tatu amemuoa binti wa Kigusii, mwenye adabu na haya, aliyesilimu kabla ya wawili hao kujuana. Yeye ndiye mkaza mwana wetu, na tunakaa naye hapa Mombasa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nyumba yetu ilimfanyia yote ambayo bibi zetu waliwafanyia wazazi katika arubaini: uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku mchana, samaki wa kuchemsha jioni, na kukandwa kwa maji ya moto. Alikula kwa heshima, kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni. Usiku homa ilipomshika tulimsikia kutoka chumba cha pili akiita, "Baba! Baba!" Tukamwambia mwanetu ampigie simu baba mkwe wake. Mzee wa watu akaamshwa saa nane za usiku, akasema maneno ya kumpa moyo bintiye, simu ikakatwa, na kilio kikaendelea vile vile. Ilipita wiki nzima ndipo tulipojua kwamba katika Ekegusii mama ndiye aitwaye "baba", na baba huitwa "tata". Mtoto wa watu alikuwa akimlilia mamake, nasi tunamletea babake.

Mamake alipopata habari hakungoja. Alituma kifurushi kwa basi: mafungu ya mboga yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba, na mfuko wa kitambaa wenye unga wa rangi ya udongo. Kifurushi kilikaa njiani na stesheni siku mbili. Kilipofunguliwa, mboga zilikuwa zimenyauka na zina harufu kali. Mkubwa mmoja wa nyumba, ambaye si mwingine ila sisi tunaoandika, alishika tawi moja akasema, "Haya wanakula watu au mbuzi?" Watu wakacheka. Majani yakatupwa jaani. Unga, kwa kuwa hakukuwa na aliyejua kuusonga, ukapewa kuku wa jirani.

Mkaza mwana wetu alikuwa nyuma ya pazia akimnyonyesha mtoto. Hakusema neno. Siku ya pili mamake alipiga simu kuuliza kama chakula kimefika na kama amekula, na yeye, ambaye hatujapata kumsikia akisema uongo, alinyamaza. Mama mzazi hahitaji kuelezwa kimya cha mwanawe. Tangu siku hiyo simu kutoka Gesima zikawa chache, na zilipokuja zilikuwa za salamu tu.

Arubaini ilipokwisha, ahali yetu alituambia maneno ambayo hatukuwa na jibu lake: "Ukimwomba mtu radhi kwa simu, umemwongezea tusi. Twende kwao." Tukafunga safari: sisi, ahali yetu, mwanetu, mkewe, mtoto mchanga, na binti yetu mdogo aliyekuwa likizoni. Ahali alitia katika mizigo nazi sita na mbuzi ya kukunia. Tulimuuliza ya nini. Akasema haendi kwa watu mikono mitupu.

Njia ni ndefu lakini si ngumu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni usiku mmoja. Asubuhi mtu huchukua gari la kupitia Narok, Bomet na Sotik, akateremka Keroka, mji wa biashara ulio mpakani mwa kaunti mbili za Kisii na Nyamira. Kutoka hapo tulikodi gari dogo hadi Gesima, iliyo katika Kaunti ya Nyamira, eneo bunge la Kitutu Masaba. Ni nchi ya vilima vilivyopandana, majani chai upande huu, migomba upande ule, na baridi ambayo watu wa pwani huichukulia mzaha mpaka jua litue. Binti yetu, kwa kuwa sisi watu wa Mombasa ugali twauita sima, aliuliza kama Gesima ni mji wa sima. Dereva alicheka, akamwambia, "Utajionea mwenyewe."

Tulifika Alhamisi jioni. Wenyeji wetu ni Wakristo wa Sabato, na katika Ugusii hilo si jambo geni, kwani wamisionari wa Sabato walijenga kituo chao Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, tangu mwaka 1912. Tunalitaja kwa sababu lina faida katika mlango huu wa chakula. Msabato hali nguruwe wala hanywi pombe, na jiko lake kwa hiyo halikututia wasiwasi tuliokuwa nao njiani. Ama nyama, mzee wa nyumba alitutatulia suala kabla hatujaliuliza. Alileta jogoo akiwa hai, akatukabidhi kisu kwa mpini, akasema, "Sheikh, chinja wewe, ili ule bila shaka." Tuliwahi kualikwa na Waislamu wenzetu wasiotuangalia hivyo.

Baada ya chakula tulisema tulilokwenda kulisema. Tulieleza habari ya kifurushi kama ilivyokuwa, hatukupunguza, tukaomba radhi. Mzee alitikisa kichwa tu. Mkewe hakututazama. Wagusii wana kitu wakiitacho "ensoni", nacho ni haya inayowekwa kati ya wakwe na kati ya wazazi na watoto, kiasi kwamba kuna wasiotazamana machoni wala kutajana. Neno lenyewe halikutuwia geni, kwani nasi husema mtu ameona soni. Basi kwa soni hiyo, yule mama aligeukia ahali yetu, akasema naye kwa Kiswahili cha taratibu: "Mwenzangu, radhi nimeipokea. Lakini mkirudi, mtoto wangu atakula nini? Kesho uingie jikoni kwangu. Na mwambie Sheikh akae mlangoni, mikono yake ina kazi."

Ndivyo tulivyoandikishwa darasa.

*

Ijumaa alfajiri, ukungu bado haujainuka, tulipelekwa shambani nyuma ya nyumba. Mwalimu wetu, na tangu hapa tutamwita hivyo kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, alikuwa na kikapu mkononi, naye anachuma vichwa vya mboga kwa kuvunja, si kwa kung'oa, ili shina lichipue tena. Hii ndiyo chinsaga, mboga waipendayo Wagusii kuliko zote. Jani lake limegawanyika vidole vitano, shina lina vinyweleo, na ua lake ni jeupe lenye nyuzi ndefu zilizotoka nje kama miguu ya buibui.

Ahali yetu alichukua tawi, akalipindua, akalinusa, akanusa tena. Kisha akatuangalia kwa jicho ambalo wenye ndoa za miaka mingi hulielewa. "Huu si mwangani?" akasema. "Si ndio huu wanaouza mama wa Kigiriama pale Kongowea?"

Ndio. Ni mwangani, ambao Kiswahili cha vitabuni huuita mgagani. Waluo huuita akeyo, Waluhya tsisaga, na katika masoko mengi ya Kenya ukiomba "saga" utapewa huo. Sisi tumezaliwa pwani, tumepita kando ya mafungu hayo sokoni miaka hamsini, na mama yake marehemu ahali yetu alikuwa akiupika kwa nazi. Kilichofika nyumbani kwetu kikaitwa majani ya mbuzi kilikuwa ni mboga ya kwetu, ila kilikuja kwa jina la watu wengine na ndani ya basi la kutoka bara. Hatukusema kitu. Tulichukua kikapu tukambebea mwalimu hadi nyumbani.

Kazi yetu ya mlangoni ilikuwa kuchambua. Jani hutolewa katika kikonyo moja moja. Shina gumu hutupwa. Kilichoungua au chenye mdudu hutengwa. Kikapu kizima kilichojaa hadi juu kilituchukua sisi, binti yetu na watoto wawili wa jirani zaidi ya saa mbili, na watoto wale walitushinda kwa mbali. Vidole vikawa na utomvu na harufu ambayo sabuni haikuitoa mpaka Jumapili. Tuliwaza jinsi wageni wanavyoshuka Lamu na Unguja wakalipa fedha ili wafundishwe kukuna nazi na kupika pilau. Hata huko mbali Kambodia, katika mji wa Siem Reap ulio karibu na mahekalu ya kale ya Angkor, wasafiri huchukuliwa sokoni na mpishi, kisha wakakaa kutwanga mchaichai, manjano na vitunguu kuwa kiungo kiitwacho kroeung, wakapika samaki kwa tui la nazi ndani ya jani la mgomba. Huko wako Waislamu pia, watu wa kabila la Wacham. Wasafiri hao hurudi makwao na picha. Sisi tulikuwa na sababu nyingine ya kuwa hapo, na hatukuombwa ada, nalo lilituelemea zaidi kuliko kama tungaliombwa.

Ndani, ahali yetu alikuwa akijifunza. Tunaandika kama tulivyosikia kutoka mlangoni na kama alivyotusahihisha baadaye.

Majani huoshwa mara tatu au nne kwa maji mengi, kwa kuwa mchanga hujificha kwenye vinyweleo. Hutiwa katika chungu chenye maji yanayochemka, yakafunikwa. Baada ya muda maji huwa ya kijani kibichi kilichoiva na machungu kama shubiri. Hapa ahali yetu alitaka kuyamwaga yote na kusuuza mboga kwa maji baridi, kama afanyavyo kwetu kwa mboga yoyote chungu. Mwalimu akamshika mkono.

"Mwaga ya kwanza, basi. Usisuuze."

"Uchungu utabaki, dada."

"Na ubaki kidogo. Uchungu ukitoka wote, umepika majani."

Yakatiwa maji mengine kidogo na chumvi, moto ukapunguzwa kwa kuvuta kuni moja nje ya mafiga, na chungu kikaachwa. Wengine hutia magadi ili mboga ilainike upesi. Yeye hakutia, akasema moto mdogo na subira vinatosha. Wengine huchanganya na rinagu, yaani mnavu, ili kupoza ukali. Yeye alitia konzi moja tu, kwa ajili yetu wageni, akasema wazi kwamba ni kwa ajili yetu wageni. Baadaye yakaja maziwa. Si kikombe kwa pupa: kidogo, yakaachwa yanywewe na mboga, kisha kidogo tena, kwa moto ule ule mdogo. Chungu hakipakuliwi siku hiyo chote. Huwekwa, siku ya pili hupashwa moto na kuongezwa maziwa, na siku ya tatu vivyo hivyo. Kila siku uchungu unazidi kuingia ndani ya utamu, na siku ya tatu, alisema mwalimu, ndipo mtu huitwa kula.

Ilikuwa Ijumaa, na hapo tuliona jambo lililotufurahisha. Kwa Wasabato siku ya ibada huanza Ijumaa jua likitua, na mapishi yote yawe yamekwisha kabla ya hapo. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haraka yake. Nasi Ijumaa ni siku yetu, ijapokuwa msafiri hana lazima ya Jumaa. Tuliswali Adhuhuri kwa kupunguza, chini ya baraza, na mzee wa nyumba akawanyamazisha watoto mpaka tukatoa salamu. Jioni yeye akatuomba udhuru akaingia kusali na watu wake, na sisi tukawanyamazisha watoto wale wale. Chungu cha chinsaga kilikuwa kimekwishafunikwa kando ya majivu. Chakula kipikwacho leo kikaliwa kesho bila ya kuwashwa moto mkubwa, tulifahamu, kinawafaa sana watu wa namna hiyo.

Usiku huo tulionja. Tutasema kweli, kwani gazeti hili husomwa na watu wanaotujua: tonge la kwanza lilikuwa chungu na tulilimeza kwa maji. Mkaza mwana wetu alikuwa amekaa kitako pembeni ya mamake, kwenye mkeka. Alikula sahani mbili. Hatujapata kumwona akila sahani mbili. Wagusii humpa mzazi mboga hii makusudi baada ya kujifungua, kwa itikadi yao kwamba hurudisha damu na nguvu, kama sisi tunavyompa pilipili manga kwa itikadi yetu. Mama alimtumia mwanawe dawa. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya jani la mgomba.

*

Jumamosi hapakuwa na somo. Wenyeji walikwenda kanisani, sisi tukapumzika, mvua ikanyesha mchana kutwa kama inavyonyesha huko, na chungu kikapashwa moto.

Jumapili ilikuwa siku ya wimbi. Sisi wa pwani tunalijua wimbi katika uji wa watoto, na tunalinunua limesagwa, katika pakiti. Mwalimu alitandaza mkeka nje, akaleta jiwe la kusagia, jiwe pana lililoinama kidogo mbele, na jiwe dogo la mkononi. Siku hizi kuna mashine kila sokoni, na hata yeye hupeleka mashineni. "Lakini unga niliotuma ulisagwa hapa," akasema. Wala hakuwa amemgeukia ahali yetu aliposema. Alisema nasi, mara ya kwanza tangu tufike.

Tukapiga magoti tukasaga. Punje za wimbi ni ndogo kama mchanga wa pwani, nyekundu nyeusi, na hukimbia. Mtu husukuma jiwe kwa uzito wa mabega, si kwa mikono, na unga huteremka mbele kwenye mkeka. Robo saa ilitutosha kupata maumivu ya mgongo, na tulichokipata hakikujaza kikombe. Mfuko ule uliokwenda kwa kuku wa jirani ulikuwa na kilo mbili. Tulihesabu kichwani tukaacha kuhesabu.

Watoto wa jirani waliona mzee mwenye kanzu na kofia akisaga wakaitana waje kutazama. Kwao kusaga na kupika ni kazi ya wanawake, na hata kwetu wako wanaume waonao haya kushika mwiko, ijapokuwa ikija harusi ni wanaume wanaosimamia masufuria ya pilau na hakuna anayeona ajabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kuwa alikuwa katika shughuli za ahali yake nyumbani. Hatukuwahubiria watoto. Tulisaga mpaka mwalimu aliposema basi.

Wimbi si mgeni wa juzi katika nchi hizi. Ni nafaka ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, imelimwa tangu zamani za kale, na kutoka huku ndiko ilikofika hadi Bara Hindi. Mahindi, ambayo leo ndiyo sima yetu, asili yake ni Amerika, na yalifika huku baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari yetu. Mtu akisema sima nyeusi ni ya kigeni na nyeupe ndiyo ya kwetu, amepindua historia. Na kwa afya, wimbi lina madini ya kujenga mifupa kuliko nafaka nyingi: katika gramu 100 za wimbi mna takribani miligramu 340 za kalsiamu, na mahindi hayalifikii hata kwa mbali. Anayenyonyesha anaihitaji.

Tulimuuliza mwalimu suala moja la kazi yetu, kwa kuwa tunajua wimbi lililooteshwa hutengenezewa pombe katika nchi nyingi za bara. Alicheka, akasema katika nyumba yake halioteshwi. Ama uji uliolazwa ukawa mkali, kina mama wengi hutuuliza juu yake hapa Mombasa pia, na jibu letu ni lile lile: ukali wa uchachu si kulevya, na kinachoharamishwa ni kinacholevya. Kinywaji kilicholazwa kikaanza kutoa povu na kupanda kichwani, hicho kiachwe.

Kusonga obokima, ndivyo waitavyo sima, kuna ugumu wake. Unga wa wimbi haushikani kama wa mahindi, ndiyo maana watu wengi huuchanganya na unga wa muhogo, na mwalimu alitia wa muhogo kiasi cha konzi mbili. Maji yakichemka sana, unga hutiwa wote karibu kwa mara moja, kisha mwiko hufanya kazi. Kwetu tunasonga tukiwa tumesimama. Yeye alikaa juu ya kigoda, chungu mbele yake, akakandamiza unga kwenye ukingo wa chungu, akaugeuza, akaukandamiza tena, na kila ulipogeuzwa rangi ilizidi kukolea mpaka ikawa kama kahawa. Ahali yetu alishika mwiko, na sima yake ikawa na madonge. Mwalimu akayavunja madonge yale kwa ncha ya mwiko moja moja, bila ya kusema kitu. Ya pili ikawa nzuri. Sisi nasi tulijaribu. Ya kwetu waliipa jina ambalo mkaza mwana wetu alikataa kututafsiria, akacheka mpaka akafunika uso kwa mtandio.

Sima hiyo huviringishwa kwa kibuyu kilicholowekwa maji mpaka ikawa laini kama yai, kisha huwekwa katika ekee, kikapu kidogo kilichofumwa, ambacho huifanya ikae na joto muda mrefu. Inaliwa kwa mkono, kama yetu.

Basi ahali yetu akatoa nazi zake. Alipokaa juu ya mbuzi na kuanza kukuna, wanawake wa jirani walijaa mlangoni, kwani wengi walikuwa hawajaona chombo kile, na mmoja aliuliza kwa nini kinaitwa mbuzi hali hakina maziwa. Ahali akamwonyesha tui. Akachukua sehemu ya chinsaga iliyochemshwa, akaiunga kwa kitunguu na tui zito, kama mamake alivyokuwa akiunga mwangani. Mwalimu akaonja. Akaonja tena. Watu wote wananyamaza.

"Ni tamu sana," akasema. "Lakini mwenzangu, nikileta hii mezani na kuiita chinsaga, mzee atauliza chinsaga iko wapi."

Mzee alikula yote. Na chungu cha Ijumaa, siku yake ya tatu, kikapakuliwa. Tunashuhudia kwamba aliyotuambia juu ya siku ya tatu ni kweli. Uchungu ulikuwapo, lakini umekaa chini kabisa, nyuma ya maziwa, kama mtu mzima aliyekaa baraza ya nyuma akisikiliza. Tuliomba tuongezewe. Hapo ndipo mwalimu, akiwa ametazama chungu wala si sisi, alimwambia mkaza mwana wetu kwa Ekegusii maneno ambayo kijana wetu alitufasiria njiani: "Huyu sasa unaweza kukaa naye."

*

Tuliondoka Jumatatu. Mizigo ilikuwa mizito kuliko tulivyokwenda: mkungu wa ndizi, unga wa wimbi kilo nne ambao tuliubeba mapajani njia nzima, na karatasi iliyokunjwa mara nyingi yenye mbegu nyeusi ndogo za mgagani. Mwalimu alitupa na maagizo. Zipandwe juu juu, zisizikwe. Zichumwe mapema, kabla ya kuweka maua, na vichwa vivunjwe kila mara ili mmea utanuke. Na ikiwa hakuna shamba, debe lililotobolewa chini linatosha.

Sisi hatuna shamba. Tuna ua wa simiti na madebe manne ya mafuta ya kupikia, yaliyotobolewa kwa msumari. Mbegu ziliota baada ya siku chache, ingawa jua la Mombasa liliziunguza za debe moja mpaka tukalisogeza kwenye kivuli cha ngazi. Juzi mkaza mwana wetu alichuma mara ya kwanza, akachambua mwenyewe na ahali, akampigia simu mamake akiwa jikoni, simu imewekwa juu ya rafu ili mikono yote iwe huru. Tulikuwa mlangoni.

"Maji ya kwanza umeyamwaga?" sauti ya Gesima ikauliza.

"Nimemwaga, baba."

"Na mama mkwe wako hakusuuza?"

Ahali yetu akajibu mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba hakusuuza. Na kwamba nusu itatiwa maziwa, nusu itatiwa tui, na kila mtu ale atakalo. Simu ilinyamaza kidogo, kisha tukasikia kicheko.

Mbegu zimesalia kiasi. Mwenye mzazi nyumbani, au mwenye kutaka tu kuonja, apite kwetu baada ya Alasiri na karatasi yake. Na wale wasiotaka kungoja mmea uote, waende Kongowea asubuhi mapema, wawaulize mama wa Kigiriama mwangani uko wapi.